Daktari Hench na Maradhi ya Baridi Yabisi

Wazee wetu wa pwani waliyapa maradhi haya jina la baridi yabisi, na jina lenyewe laeleza jinsi walivyoyafahamu. Waliamini kwamba baridi huingia mwilini, ikatuama katika viungo, ikavikausha na kuvifanya vigumu kama ngozi iliyoanikwa juani. Basi dawa yao ilikuwa ni joto. Mgonjwa alikandwa kwa maji ya moto, akachuliwa kwa mafuta, akafukizwa majani, au akaumikwa chuku ili damu mbaya imtoke. Sisemi hayo kwa kuwacheka, maana madaktari wa Ulaya na Marekani hawakuwapita kwa mbali. Hata ulipofika mwaka wa 1920, daktari aliyehitimu katika chuo kikuu alipoletewa mgonjwa wa namna hii alikuwa na aspirini ya kutuliza maumivu, na shauri la kwenda kuoga katika chemchemi za maji ya moto. Wengi walidhani pia kwamba chanzo cha maradhi ni usaha uliojificha mahali fulani mwilini. Kwa hiyo wagonjwa wengi waling'olewa meno yao mazima na kukatwa tonsili zao, wakarudi nyumbani bila meno na maumivu yakiwa pale pale.

Lazima nieleze mapema kwamba sizungumzii maumivu ya magoti yanayowapata wazee kwa sababu viungo vyao vimetumika miaka mingi vikalika. Hayo ni mengine. Maradhi ninayoyataja hapa huwashika hata vijana, na wanawake kuliko wanaume. Aghalabu huanza katika viungo vidogo vya vidole, mkono wa kulia na wa kushoto pamoja. Vidole huvimba, vikawa na moto, na kila asubuhi mgonjwa huamka akiwa amekakamaa asiweze kukunja ngumi. Miezi ikipita mifupa iliyo kiungoni huanza kulika, na vidole hupinda upande. Mtu aliyekuwa akilima, akisuka ukili au akiandika ubaoni, hujikuta hawezi kufunga kifungo cha shati lake. Kufa hafi upesi. Na hiyo ndiyo sababu moja iliyofanya madaktari wa zamani wayasahau maradhi haya. Palipokuwa na ndui, kifua kikuu na malaria vinavyoua watu kwa maelfu, nani angejishughulisha na mtu asiyeweza kukunja ngumi?

Philip Showalter Hench alijishughulisha. Alizaliwa katika mji wa Pittsburgh, Marekani, mwaka wa 1896, akasomea udaktari papo hapo na kuhitimu mwaka wa 1920. Mwaka uliofuata alikwenda Rochester, mji mdogo katika jimbo la Minnesota, ambao sifa yake yote yatokana na hospitali yake iitwayo Mayo Clinic. Mwaka wa 1926, akiwa na umri wa miaka 30 tu, alipewa usimamizi wa idara ya maradhi ya viungo. Usifikiri alipewa cheo cha kutamanika. Idara hiyo ilikuwa ya wagonjwa wasioponyeka, na daktari aliyekuwa na tamaa ya sifa angeikimbia.

Tarehe 1 mwezi wa Aprili mwaka wa 1929 Hench alizungumza na mgonjwa mmoja mwenye umri wa miaka 65, ambaye yeye mwenyewe alikuwa daktari. Mzee huyo aliugua baridi yabisi kwa muda mrefu. Kisha akashikwa na umanjano, yaani nyongo ilifurika katika damu, ngozi na macho yake yakageuka rangi. Na tazama ajabu: siku moja tu baada ya umanjano kuanza, maumivu ya viungo vyake yalianza kupungua, na baada ya siku chache aliweza kutembea mwendo mzuri bila kuumwa. Umanjano ulikaa majuma manne ukaisha; lakini nafuu ya viungo ilidumu miezi kadhaa baadaye.

Wako madaktari ambao wangesikia habari hiyo, wakatikisa kichwa na kumwita mgonjwa anayefuata. Na yamkini wako waliokwisha kuisikia kabla ya Hench, maana umanjano haukuwa jambo geni. Hench aliiandika. Kisha akaanza kuwauliza wagonjwa wake wengine, na kupekua majalada ya zamani, akakuta wengine waliopata nafuu vile vile walipoingia umanjano. Muda si muda aliona jambo la pili: wanawake wengi wenye maradhi haya hupata nafuu wanapokuwa waja wazito, na maumivu huwarudia baada ya kujifungua. Akaona tena kwamba pumu na baadhi ya maradhi ya mzio nayo hupungua nguvu katika nyakati hizo hizo.

Hapa ndipo inapofaa mwanafunzi asimame kidogo, kwa maana fikira za Hench zilikwenda hatua kwa hatua kama hesabu. Ikiwa nyongo ndiyo iletayo nafuu, mbona wajawazito hupata nafuu na hawana nyongo katika damu yao? Na ikiwa nafuu yaletwa na homoni ya uzazi wa kike, mbona wanaume wenye umanjano hupata nafuu? Basi si nyongo, wala si homoni ya kike. Iko kitu cha tatu, ambacho mwili wa mwanamume na wa mwanamke wote huweza kukitengeneza, nacho huongezeka katika umanjano na katika ujauzito. Tena kitu hicho hakiui vijidudu, kwa maana nafuu huja kwa siku mbili tatu na huondoka vivyo hivyo. Hench hakujua kitu hicho ni nini, akakipa jina la X, kama tunavyofanya katika aljebra tunapotafuta tusichokijua. Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba alianza kuamini neno ambalo vitabu vya wakati wake vilikanusha, kwamba maradhi haya yaweza kurudishwa nyuma.

Kuamini ni kitu kimoja, kukipata hicho X ni kingine. Hench aliwapa wagonjwa nyongo na chumvi zake, haikusaidia. Aliwatia damu iliyotolewa kwa watu wenye umanjano na kwa wajawazito, haikufaa kitu. Alijaribu kuwatia umanjano kwa makusudi. Miaka ikapita.

Katika hospitali ile ile alikuwako mtaalamu wa kemia, Edward Kendall, aliyezaliwa mwaka wa 1886. Huyu alikuwa amekwisha kujipatia jina, maana katika mwaka wa 1914, siku ya Krismasi, alifaulu kuitenga homoni ya tezi ya shingo iitwayo thairoksini. Tangu mwanzo wa miaka ya 1930 alishughulika na tezi nyingine, zile mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Daktari Mwingereza Thomas Addison alikuwa ameonyesha katika mwaka wa 1855 kwamba mtu ambaye tezi hizo zimeharibika hudhoofika, hukosa nguvu, mwisho hufa. Ilijulikana basi kwamba gamba la tezi hizo hutoa kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila yake. Kendall alipokea tezi za ng'ombe kutoka machinjioni, mizigo kwa mizigo, akazisaga, akazichuja, akapata chembechembe za kemikali nyingi zinazofanana. Kwa kuwa hakujua kazi ya kila moja, aliziita kwa herufi: A, B, E, F na kadhalika. Huko katika nchi ya Uswisi, Tadeus Reichstein alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo, naye akazipata nyingi katika hizo.

Hench na Kendall walikuwa wakionana mara kwa mara. Mwezi wa Januari mwaka wa 1941 walizungumza juu ya X, wakakubaliana kwamba kemikali E ijaribiwe kwa wagonjwa wa baridi yabisi itakapopatikana ya kutosha. Hench alilitia neno hilo katika kijitabu chake cha mfukoni. Itakapopatikana! Kwa wakati ule, tezi za makundi makubwa ya ng'ombe zilitoa unga usiozidi wa kuweka kwenye ukucha.

Vita vya pili vya dunia vilisaidia kwa njia ya ajabu. Zilivuma habari kwamba marubani wa Kijerumani walikuwa wakidungwa dawa itokayo katika tezi za ng'ombe, nayo iliwapa nguvu ya kuruka juu sana pasipo kuzimia. Habari hizo hazikuwa za kweli. Lakini serikali ya Marekani iliogopa kupitwa, ikawahimiza wataalamu wake watafute namna ya kuitengeneza E bila kutegemea tezi. Katika mwaka wa 1944 kijana mmoja wa kampuni ya Merck, Lewis Sarett, aliweza kuiunda kutokana na nyongo ya ng'ombe kwa kupitia hatua zaidi ya thelathini. Mtu aliyewahi kupika chakula chenye hatua tano akakiunguza katika hatua ya nne ataelewa kazi hiyo. Hench wakati huo alikuwa jeshini, akitibu askari wenye maradhi ya viungo. Vita vikaisha, na kampuni, baada ya kazi ya miaka minne mingine, ikawa na gramu chache za E mkononi, isijue sana izitumie kwa kazi gani.

Mwezi wa Julai mwaka wa 1948 alifika Rochester mwanamke mmoja kutoka jimbo la Indiana, mwenye umri wa miaka 29. Alikuwa ameugua zaidi ya miaka minne, na viungo vyake vilikuwa vimeharibika hata hakuweza kutembea ila kwa taabu kubwa. Hench na wenzake, Charles Slocumb na Howard Polley, walimpa dawa ya kumtia umanjano, lakini haikumletea nafuu yoyote. Hapo walikuwa wamefika mwisho wa ujuzi wao, na mgonjwa wa namna hiyo kwa desturi huambiwa arudi kwao. Mama huyu alikataa. Alisema hatoki hospitalini mpaka watakapomfanyia jambo. Nakiri kwamba napenda sana sehemu hii ya habari, kwa kuwa vitabu hutaja majina ya wataalamu waliofikiri na kupima, lakini mara chache husema kwamba mgonjwa naye alikataa kuondoka.

Mapema mwezi wa Septemba Hench aliiandikia kampuni kuomba kemikali E, na Kendall akaongeza neno lake. Kampuni ikakubali. Siku ya Jumanne, tarehe 21 mwezi huo wa Septemba, mgonjwa alidungwa sindano ya kwanza ya miligramu 100, akadungwa tena kesho yake. Siku ya kwanza haukuonekana mabadiliko. Siku ya pili vile vile. Alhamisi asubuhi alipoamka alijigeuza kitandani bila taabu, na ule ukakamavu wa viungo ulikuwa umepungua sana. Ijumaa alitembea, akichechemea kidogo tu. Jumanne iliyofuata, juma moja kamili tangu sindano ya kwanza, alikwenda mjini kutembelea maduka, akazunguka huko muda wa saa tatu.

Baadaye ilijulikana kwamba bahati nayo ilikuwa imewaangukia. Miligramu 100 kwa siku kilikuwa kipimo kikubwa sana kwa dawa isiyojulikana. Kama wangeogopa wakatoa kidogo, mgonjwa asingepata nafuu, na huenda kemikali E ingerudishwa ghalani kama nyingine zilizoshindwa. Walakini bahati hii ilimkuta mtu aliyekuwa akiitafuta kwa miaka kumi na tisa.

Walifanya kazi kwa siri. Waliwatibu wagonjwa wengine wachache, wakawapiga picha za sinema kabla ya sindano na baada yake. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1949 walitangaza habari za wagonjwa 14. Wakuu wa udaktari walikaa gizani wakaona katika picha watu wasioweza kuinuka kitini. Kisha wakawaona watu hao hao wakipanda ngazi. Walipiga makofi hata kabla maneno hayajasemwa. Dawa ikapewa jina la kortisoni, kutokana na neno la Kilatini la gamba, kwa kuwa asili yake ni gamba la tezi. Magazeti yakaiita dawa ya miujiza. Barua zikamiminika Rochester kutoka pande zote za dunia, na dawa hakuna. Wakati ule ilihesabiwa kwamba ng'ombe wapatao 40 walihitajika ili ipatikane dawa ya kumtosha mgonjwa mmoja kwa siku moja, na gramu moja iliuzwa kwa dola 200 hivi.

Mwezi wa Desemba mwaka wa 1950 Hench, Kendall na Reichstein walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya utabibu. Sehemu ya fedha zake Hench alimpa mtawa aliyekuwa akiwauguza wagonjwa wake wa viungo kwa miaka mingi katika hospitali ya St Marys, apate kwenda Roma.

Tangu siku ya kwanza Hench alikuwa akiwaonya watu wasiseme kwamba kortisoni huponya. Alisema hiyo huzima moto kwa muda, lakini haiondoi kile kilichouwasha. Dawa ilipoachwa, maumivu yalirudi. Na ilipotumiwa kwa wingi kwa muda mrefu, yalikuja mambo mengine: uso ukavimba ukawa duara kama mwezi, sukari ikapanda katika damu, mifupa ikawa miepesi kuvunjika, tumbo likapata vidonda, na wagonjwa wengine wakarukwa na akili. Madaktari waliojifunza kuogopa maradhi ikawabidi sasa wajifunze kuogopa dawa. Wako waliosema heri isingaligunduliwa. Nadhani hao walikosa haki. Mgonjwa wa Addison, ambaye zamani alikuwa wa kufa tu, sasa huishi kwa kumeza kidonge. Mwenye pumu iliyomkaba koo huokolewa usiku huo huo. Na katika mwaka wa 2020, wakati wa janga la Korona, ilikuwa ni deksamethasoni, moja katika uzao wa kortisoni, iliyoonyeshwa kwanza kupunguza vifo vya wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa msaada wa mashine. Dawa yenye nguvu hudai kipimo, na kipimo chake kilijulikana baada ya wagonjwa wengi kuumia.

Sasa nirudi kwenye ng'ombe 40. Kwa hesabu hiyo, ng'ombe wote wa dunia wasingetosha. Wataalamu wakageukia mimea, maana mimea mingine hujiwekea kemikali ambayo umbo lake lakaribiana na la kortisoni. Watu walitumwa Afrika ya Magharibi kutafuta mbegu za mtambaazi mmoja wa jamii ya strofantasi, jamii ambayo wawindaji hutumia mbegu zake kutia sumu mishale yao. Wengine walichimba viazi vya mwitu nchini Mexico, na huko ndiko dunia ilikopata akiba kubwa. Waingereza hawakuwa na dola nyingi za kununulia viazi vya Mexico. Katika mwaka wa 1951 wanakemia watatu wa taasisi ya utafiti wa utabibu mjini London, Callow, Cornforth na Spensley, walitangaza kwamba wamepata njia ya kupata kemikali iitwayo hekojenini katika maji ya majani ya mkonge. (Cornforth, nitaje kwa kupita, alikuwa kiziwi tangu ujana wake, na baadaye, mwaka wa 1975, akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.)

Mkonge! Kila aliyepita kwa gari moshi kati ya Voi na Mombasa, au kwa barabara ya Thika, au karibu na Vipingo, ameuona ukisimama safu kwa safu kama askari wenye mikuki. Mmea huu si wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida mwaka wa 1893, vikafika Tanganyika 62 tu vilivyo hai, na hao ndio mababu wa mashamba ya Tanga. Kenya nayo ikapanda baadaye. Katika jani zima la mkonge nyuzi hazizidi sehemu nne au tano katika mia. Mashine hulikwangua jani, nyuzi zikabaki za kusokotwa kamba na magunia, na sehemu tisini na tano zilizosalia, yaani maji ya kijani yenye harufu kali na makapi yake, zikatupwa. Maji hayo huwasha ngozi, na wafanyakazi wa viwandani waliyajua kwa kujikuna. Ikawa sasa yale yaliyotupwa yana thamani. Kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilijenga dawa zake kwa hekojenini ya mkonge, na miongoni mwake ni betamethasoni, ambayo mpaka leo huuzwa katika maduka yetu ya dawa, nyingi ikiwa ni malhamu ya kupaka ngozi inayowasha. Ni watu wangapi waliokata mkonge kwa panga, wakajikuna, wakanunua malhamu, wasijue kwamba dawa na muwasho vimetoka katika jani moja?

Yabaki swali ambalo Hench hakulijibu: ni nini kiwashacho moto huo? Jibu lilikuja kidogo kidogo. Damu yetu ina askari wake, ambao kazi yao ni kuwatambua vijidudu vigeni na kuwaangamiza. Katika baridi yabisi askari hawa hukosea, wakaushambulia mwili wenyewe unaowalisha. Mapema, katika mwaka wa 1940, Erik Waaler wa Norway alikuwa ameona katika damu ya wagonjwa kitu ambacho hushikana na askari za mwili wenyewe, na baada ya vita wataalamu wakakubali, kwa kusitasita, kwamba mwili waweza kupigana na nafsi yake. Kortisoni hufaa kwa sababu huwalaza askari wote, wema na wabaya. Na kwa sababu hiyo hiyo hudhuru.

Basi kazi iliyobaki ilikuwa ni kumtafuta mpiga mbiu mmoja, anayewaita askari vitani, na kumziba kinywa yeye peke yake. Kazi hiyo ilifanywa London na watu wawili waliotoka mbali. Mmoja ni Marc Feldmann, aliyezaliwa Poland mwaka wa 1944 na kukulia Australia. Wa pili ni Ravinder Maini, aliyezaliwa India mwaka wa 1937 na kulelewa Uganda. Baba yake, Amar Maini, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa Meya wa kwanza wa Kampala, na baadaye Spika wa Bunge la Afrika ya Mashariki. Feldmann na wenzake, hasa Fionula Brennan, walichukua nyama laini itokayo katika viungo vya wagonjwa, wakaiotesha katika vyombo vya maabara, na kuchunguza ujumbe ambao chembe zake hupelekeana. Waliona jumbe nyingi. Lakini katika mwaka wa 1989 walionyesha kwamba ukiuzuia mmoja, uitwao TNF, jumbe nyingine za uchochezi nazo hupungua. Wengi hawakuwaamini, walisema ukiziba njia moja moto utapita ya pili.

Mwaka wa 1992, katika hospitali ya Charing Cross, Maini na wenzake waliwatia wagonjwa wa kwanza dawa ya kuuzuia ujumbe huo, nao wakapata nafuu upesi kama yule mama wa Indiana. Kwa kuwa macho ya mwenye kutumaini hudanganyika, walifanya jaribio la pili kwa wagonjwa 73 katika miji minne ya Ulaya. Wengine walitiwa dawa, wengine maji tu, na daktari wala mgonjwa hakujua ni nani amepewa nini. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1994. Baada ya majuma manne, waliopata nafuu miongoni mwa waliotiwa maji walikuwa 8 katika kila mia. Miongoni mwa waliotiwa dawa kwa kipimo kikubwa walikuwa 79 katika kila mia. Leo dawa za ukoo huo hutumiwa duniani kote, na katika mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka mmoja wapo, adalimumabu, katika orodha ya dawa za lazima. Bei yake ni jambo lingine. Mgonjwa wa kawaida wa Kenya hupewa vidonge vya methotreksati mara moja kwa juma, pamoja na kipimo kidogo cha prednisoloni, mjukuu wa dawa ya Hench, ambayo kwa bahati njema imekuwa rahisi.

Tena mpiga mbiu huyo hakuwekwa mwilini bure. Mwaka wa 2001 madaktari wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutiwa dawa ya kuzuia TNF. Vijidudu vya kifua kikuu vyaweza kulala mapafuni miaka mingi, vikiwa vimezungushiwa ukuta na wale wale askari. Ujumbe wa TNF ndio unaowaamuru askari wasiondoke ukutani. Ukiuzima, ukuta hubomoka. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza, katika London au katika Nairobi, mgonjwa hupimwa kifua, na akionekana ana vijidudu vilivyolala hutibiwa kifua kikuu kwanza, hata kama vidole vyake vinamlilia.